Sauti ni Yenu, na Ufunguo ni wa Nani?

Kikundi kinachouza sabuni, mikate ao vitenge kinahitaji kusikika. Ndiyo maana vijana wanaojua kompyuta wanakuja kutuambia: "Mama, tuwafungulie podikasti." Podikasti ni kama kipindi cha redio, lakini haina saa yake. Mteja anaifungua kwenye simu anapotaka, hata usiku watoto wakiisha kulala.

Kumlipa fundi si vibaya. Sisi tuna kazi nyingi, na si kila mama anajua kukata na kusafisha sauti. Hatari inaingia pale tunapotoa feza ya mchango bila kujua tunanunua nini.

Tuelewe kwanza namna inavyofanya kazi. Sauti iliyorekodiwa inawekwa kwenye kampuni inayoitunza katika intaneti. Kampuni hiyo inatoa anwani moja inayoitwa RSS. Apple Podcasts, Spotify na wengine wanasoma anwani hiyo ili kupata vipindi vipya. Kwa hiyo, mwenye imeli na neno la siri la konti ile ndiye mwenye mlango. Hata picha na jina la podikasti vinabadilishwa na yeye.

Tuseme wamama ishirini wa Kadutu, pale Bukavu, wanatengeneza sabuni ya mawese. Fundi anawafungulia konti kwa imeli yake mwenyewe na kulipa kila mwezi kwa karti yake. Baada ya mwaka anahamia Kinshasa ao anabadilisha namba ya simu. Malipo yakikatika, kampuni inaweza kuondoa vipindi. Kikundi kikitaka kuhamia kwingine, kampuni ya zamani inapaswa kuelekeza wasikilizaji kwenye anwani mpya, na jambo hilo linaombwa na mwenye konti. Asipopatikana, wamama wanaanza upya, na wateja waliokuwa wakifuata hawajui walikokwenda.

Hatari ya pili: hata kampuni kubwa zinabadilika. Google Podcasts ilifungwa mwaka 2024. Anchor, iliyopendwa kwa sababu ilikuwa ya bure, ilinunuliwa na Spotify mwaka 2019, na mwaka 2023 jina lake likabadilishwa. Asiyekuwa na nakala za sauti zake nyumbani anategemea huruma ya wengine.

Hatari ya tatu ni muziki. Fundi akiweka wimbo wa msanii bila ruhusa, kipindi kinaweza kuondolewa, na jina linaloharibika ni la kikundi.

Hatari ya nne inatugusa sisi wenyewe. Katika kurekodi, mama anaweza kutaja nyumba yake, watoto wake, ao feza iliyo katika sanduku. Fundi anabaki na sauti yote, hata sehemu zilizokatwa. Nchi yetu ina Sheria ya Numerike ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria haiwezi kurudisha neno lililokwisha kusambaa. Kila anayezungumza akubali kwanza, na sehemu za siri zifutwe.

Tusisahau pia mfuko wa msikilizaji. Kipindi cha dakika 30 kilichotengenezwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde kinakula mega 14 hivi. Kwa kilobiti 128 kinakula mara mbili. Kwa maneno ya kawaida, 64 inatosha. Fundi asiyeuliza wateja wenu wananunua mega ngapi hajafikiri juu yao.

Basi, kabla ya kulipa, fanyeni hivi:

- Fungueni imeli ya kikundi. Neno la siri lijulikane na wamama wawili, tuseme katibu na mweka hazina, na namba ya kulirudisha iwe ya kikundi.
- Konti ya kutunza sauti ifunguliwe kwa imeli hiyo. Fundi apewe nafasi ya kufanya kazi ndani yake, asiwe mwenyewe.
- Ulizeni gharama mbili tofauti: ya kuanzisha, na ya kila mwezi. Mjue tarehe ya kulipa na nani analipa.
- Kila kipindi kiwekwe kwenye kifaa cha kikundi, pamoja na sauti ya kwanza kabla haijakatwa.
- Lipeni kwa vipande. Kipande cha mwisho kitoke baada ya mama mmoja kuingia kwenye konti kwa simu yake mwenyewe na kupandisha kipindi mbele ya wengine.
- Andikeni yote kwenye karatasi, pande zote mbili zitie sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na kama feza bado ni kidogo, hakuna haraka. Jaribuni kwanza miezi miwili kwa sauti fupi za WhatsApp kwa wateja mnaowajua. Wakisikiliza na kuuliza maswali, mtajua podikasti ina kazi. Wasiposikiliza, mtakuwa mmejifunza bila kugusa sanduku.

Kwa vikundi ambavyo tayari vina podikasti, swali la mkutano wa wiki hii ni moja: nani kati yetu anaweza kufungua konti leo, bila kumpigia fundi? Kama hakuna, mpigieni sasa, wakati bado anapokea simu.