Mchungaji aliyekataa mshahara

George Müller, mchungaji mzaliwa wa Prussia, alipofariki dunia mjini Bristol, magharibi mwa Uingereza, tarehe 10 Machi 1898, mali yake yote ilikadiriwa kuwa na thamani ya pauni 160 hivi, pamoja na samani. Katika uhai wake zilikuwa zimepita mikononi mwake takriban pauni milioni moja na nusu.

Tofauti baina ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayolifanya jina lake litajwe hadi leo kila mjadala kuhusu fedha za kanisa unapozuka. Wengi humkumbuka kwa maombi yake. Ni wachache wanaozitaja daftari zake za hesabu, na bila daftari hizo kisa chake hakieleweki.

Ujana wa Müller, aliyezaliwa mwaka 1805, haukuwa wa kusifiwa. Aliiba fedha za baba yake, mtoza ushuru wa serikali, na akiwa na umri wa miaka 16 alitiwa gerezani kwa kulala katika nyumba za wageni bila ya kulipa. Alibadilika alipokuwa mwanafunzi wa theolojia mjini Halle, na mwaka 1829 akahamia Uingereza.

Mwaka uliofuata, akiwa mchungaji wa kanisa dogo huko Teignmouth, kwenye pwani ya kusini, alikataa kupokea mshahara. Sababu yake ilikuwa bayana. Mshahara huo ulitokana na kodi ya viti: mwenye uwezo alilipia mahali pazuri pa kuketi, na maskini akabaki pembeni. Müller aliona kuwa utaratibu huo unapingana na Waraka wa Yakobo, unaokataza kumpendelea tajiri katika kusanyiko. Badala yake likawekwa sanduku kanisani, na kila mtu akatia alichojaliwa.

Mwaka 1836, mjini Bristol, alifungua nyumba ya kwanza ya mayatima katika jengo la kupanga. Kufikia mwaka 1870 palikuwa na nyumba tano kubwa kwenye kilima cha Ashley Down, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Wote hao walihitaji mkate, maziwa, viatu na walimu kila siku. Hata hivyo Müller aliazimia kutomwomba binadamu yeyote fedha, wala kumdokezea tajiri kwamba ghala li tupu. Kukopa nako alikukataa kabisa. Kila mchango uliandikwa, aliyetoa akapewa stakabadhi, na hesabu zikachapishwa katika taarifa ya kila mwaka bila ya kutaja majina ya watoaji.

Walikuwapo waliosema kwamba taarifa hizo zenyewe zilikuwa njia ya kuomba kwa ujanja. Hoja hiyo ina uzito, kwani sifa ya mtu asiyeomba huweza kuvuta sadaka kuliko kilio cha mwombaji. Jibu la Müller lilikuwa la vitendo: mwishoni mwa mwaka 1841, nyumba zikiwa katika dhiki, aliahirisha kwa makusudi mkutano wa hadhara na taarifa ya mwaka, ili pasiwepo wa kusema kwamba shida yao imetangazwa.

Mfano huo ulivuka bahari. Hudson Taylor aliufuata alipoanzisha misheni yake ya China mwaka 1865, na Müller akawachangia wamisionari wake. Kanuni kama hizo zikafika Afrika Mashariki mwaka 1895, wakati Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission waliposhuka Mombasa na kuelekea Ukambani bila ya ahadi ya mshahara. Scott alifariki dunia mwezi Desemba mwaka 1896, kabla hajatimiza miaka 30. Kumtumaini Mungu hakukuwa kinga ya homa, na wala hakuna aliyedai hivyo. Kanisa la Africa Inland, lenye waumini wengi nchini Kenya na Tanzania, ni tunda la misheni hiyo.

Hapa ndipo penye tofauti na ile iitwayo injili ya mafanikio, ambayo wasikilizaji wengi wameisikia viwanjani na kwenye redio. Wahubiri wake nao husema kwamba Mungu hutoa. Lakini katika mahubiri ya "kupanda mbegu", anayetakiwa kutoa akiba yake yote na kungoja muujiza ni muumini, aghalabu mama muuza mboga, ilhali mhubiri amekwisha kupokea. Kwa Müller mambo yalikuwa kinyume: kama fedha zisingefika, wa kwanza kukosa angekuwa yeye mwenyewe. Na alikataa sadaka ya mtu mwenye madeni, akimtaka kwanza awalipe wanaomdai.

Suala la hesabu nalo halijesha. Nchini Kenya, serikali ilipotoa mapendekezo ya kudhibiti mashirika ya dini, viongozi wa dini waliyapinga vikali, na mwezi Januari mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza yaondolewe. Baadhi ya sababu zao za kuhofia mkono wa serikali zilikuwa za msingi. Ila Müller alichapisha hesabu zake kwa hiari, mwaka baada ya mwaka.

Kuna swali moja ambalo wachungaji wengi huuliza, nalo ni uzee. Mtu mmoja alipata kumpelekea Müller pauni 100 ziwe mwanzo wa akiba yake na ya familia yake. Müller alizirudisha. Mtoaji akaandika tena, akiomba fedha hizo ziwe za mayatima, nazo zikapokelewa.