Kabla Hujatuma Arbuni ya Ploti

Umeipenda ploti, mmekubaliana bei, na sasa broka anakuharakisha: "Tuma arbuni leo, kuna mteja mwingine." Tunakuomba ungoje kidogo. Pesa hutoka kwa simu kwa sekunde chache, lakini ardhi huchukua wiki kadhaa kubadilishwa jina. Hapo katikati ndipo wengi hupoteza akiba yao.

Anza na sachi

Usiridhike na picha ya hati miliki uliyotumiwa kwa WhatsApp. Chukua nambari ya ardhi, ufanye sachi rasmi kupitia Ardhisasa, eCitizen au ofisi ya ardhi inayohusika. Utaona jina la mwenyewe, na kama kuna mkopo wa benki, zuio au amri ya mahakama juu ya ploti hiyo. Linganisha jina na kitambulisho cha anayekuuzia. Kisha mtafute mpimaji akuonyeshe mipaka, na uongee na majirani.

Hati peke yake haitoshi

Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti iliyo kando ya ufuo, Nyali, Mombasa. Kampuni iliyoinunua ilikuwa na hati, lakini ilishindwa kwa sababu ardhi hiyo haikugawiwa kihalali tangu mwanzo. Kwa hivyo mwambie wakili afuatilie historia: ilitoka kwa nani? Iliwahi kuwa ya umma?

Na bima je?

Marekani, kabla ya mauzo, kampuni ya bima huchunguza hati na kumpa mnunuzi maandishi yanayotaja kasoro ambazo haitalipia. Hapa Kenya bima ya hati miliki haijazoeleka. Ukiipata, soma kwanza yale isiyolipia. Kumbuka pia kwamba bima hulipa pesa, haikurudishii ploti.

Ukiwa tayari kulipa

- Andikeni mkataba, utiwe saini mbele ya mashahidi. Ujumbe wa malipo unaonyesha umetuma pesa tu, hauonyeshi umenunua ardhi.
- Lipa kwa akaunti iliyotajwa kwenye mkataba, si kwa nambari ya broka.
- Kama ni shamba, hakikisha bodi ya ardhi imetoa kibali. Bila kibali, mauzo ni bure kisheria.
- Kama ni boma la familia, mke au mume wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi.

Muuzaji wa kweli atakungoja ufanye sachi. Akikataa, pesa zako zibaki kwa simu.