Kabla hujamtuma kijana juu ya mti, uliza kuhusu kamba

NI jambo la kawaida kule Namboboto, upande wa Samia katika Kaunti ya Busia. Mkaratusi aliopanda mzee miaka mingi iliyopita sasa umeinamia nyumba. Mvua zikikaribia, mama anapiga simu Nairobi: "Mwanangu, mti huu utatuua." Nawe unatuma pesa kwa simu. Kijana wa jirani anaitwa, anavua viatu, anachukua panga na kupanda.

Je, ndugu msomaji, umewahi kuuliza kijana huyo anashikiliwa na nini kule juu?

Mara nyingi anashikiliwa na mikono yake tu. Mtu akianguka kutoka mita 5 hufika chini kwa sekunde moja, akiwa na kasi ya karibu kilomita 36 kwa saa. Akianguka kutoka mita 10, kasi hiyo hufikia kilomita 50 kwa saa, sawa na ya gari linalopita mjini. Mikono na miguu iliyovunjika huweza kuunga. Uti wa mgongo ukikatika, huenda kijana asitembee tena, ashindwe kuzuia haja, na aandamwe na vidonda vya kulalia maisha yake yote.

Hatari hii inaweza kupunguzwa sana kwa kamba na kapi. Kapi ni lile gurudumu dogo lenye mfereji wa kupitisha kamba. Mabaharia wa pwani huliita roda na hulitumia kutweka tanga. Lakini kamba iliyofungwa vibaya huweza kuua kuliko kukosa kamba, kwa sababu humpa mtu imani ya uongo.

Tawi hubeba uzito gani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme kijana ana kilo 60. Kamba inapita kwenye kapi lililofungwa kwenye tawi, upande mmoja umemfunga yeye, upande wa pili umeshikwa na wenzake walio chini. Utadhani tawi limebeba kilo 60. La! Wale wa chini nao wanavuta kwa nguvu ya kilo 60 ili asishuke, kwa hiyo tawi limebeba kilo 120. Gogo la kilo 80 likishushwa kwa njia hiyo, tawi hulemewa na kilo 160. Na gogo likianguka kidogo kabla ya kamba kukaza, mshtuko wake huzidi hapo mara kadhaa.

Njia iliyo nafuu kwa mpandaji ni kamba kupita juu ya tawi na kurudi kwenye mkanda wake mwenyewe. Hapo kila upande wa kamba hubeba nusu ya uzito wake, na tawi hubeba kilo zake 60 tu. Hujizuia kwa fundo la msuguano: kamba nyembamba inayozungushwa mara tatu kwenye ile nene. Ukilisukuma kwa mkono bila uzito, linateleza. Ukining'inia, linauma na kushika. Fundo moja la aina hii lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka wa 1931.

Kuiweka kamba

Kwanza tazama mti ukiwa chini. Je, umeoza shinani? Kuna nyuki? Waya za umeme zinapita karibu? Kama zinapita, kazi isianze hadi kampuni ya umeme iitwe. Mkaratusi nao una desturi mbaya ya kuangusha tawi ghafla hata siku isiyo na upepo.

Kisha kifuko kidogo cha mchanga kilichofungwa uzi hurushwa juu ya panda ya mti, pale tawi nene linapoachana na shina. Uzi ndio huvuta kamba kuu. Tawi liwe bichi na lenye unene usiopungua paja la mtu. Kabla ya yeyote kupanda, watu wawili waining'inie kamba hiyo wakiwa karibu na ardhi. Kama tawi litavunjika, livunjike hapo.

Kamba ya mtu huwa na unene wa milimita 11 hadi 13, na iliyo nzuri huhimili zaidi ya kilo 2,000. Ile ya plastiki inayouzwa sokoni kwa kufungia ng'ombe haifai: jua huidhoofisha na msuguano huiyeyusha. Ya mkonge huoza kwa ndani ukiitazama ni nzima. Kamba iliyoshusha magogo isimbebe mtu tena.

Mpandaji avae mkanda unaoshika kiuno na mapaja, si kamba iliyofungwa tumboni, pamoja na kofia ngumu. Anapokata, awe na mkanda wa pili uliozunguka shina, kwani msumeno ukiteleza huweza kukata kamba ya kwanza. Na anayeshusha gogo asizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Aizungushe mara mbili au tatu kwenye shina la mti, ili mti uwe breki.

Akianguka

Usimwinue, usimketishe, na usimpakie kwenye bodaboda. Chukulia kwamba uti wa mgongo umeumia hadi daktari aseme vinginevyo. Kichwa na shingo vishikwe visitikisike. Kama anavuja damu, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi. Asipewe chakula wala maji, huenda akahitaji upasuaji. Mlango wa mbao hufaa kuwa machela: watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mwili ukiwa umenyooka, kisha apelekwe kwa gari hospitalini, iwe Nangina au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia.

Iko pia hatari isiyojulikana na wengi. Mtu aliyezirai akining'inia kwenye mkanda bila kusogea huweza kufa, kwani damu hujaa miguuni. Ashushwe haraka na alazwe chali. Ndiyo maana mtu asipande peke yake, na aliye chini lazima ajue jinsi ya kumshusha.

Wewe ndiwe mwenye kazi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Lakini hata bila sheria, ni wewe uliyemwita kijana yule. Kwa hiyo mama akipiga simu tena, kabla ya kutuma pesa uliza mambo matatu: Ana kamba na mkanda wa kweli? Nani atakuwa chini? Gari la kwenda hospitalini litatoka wapi? Majibu yakikosekana, heri mti usubiri wiki moja na mama alale kwa jirani.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Basi tumngoje, lakini ashuke kwa kamba.