Timu Iliyokataa Kuwaacha Wenzao Wawili

Mchezo ambao Wamarekani huuita futboli haufanani na mpira wa miguu uchezwao Afrika ya Mashariki. Mpira wenyewe ni mrefu kama yai, nao huchukuliwa mikononi. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, na ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mchezaji avukaye mstari wa mwisho akiwa na mpira huipatia timu yake pointi 6. Kwa kuwa wachezaji hugongana kwa nguvu, wote huvaa kofia ngumu.

Vyuo vikuu vya Marekani hushindana kila mwaka tangu Septemba hata Novemba, na kwa desturi timu zilizofanya vema hualikwa katika michezo mikubwa ya mwaka mpya, ambayo huleta sifa na fedha nyingi pia.

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha San Francisco, kilichoanzishwa na mapadre Wajesuiti, kilicheza michezo tisa na kushinda yote. Mwalimu wa timu alikuwa Joe Kuharich. Wachezaji wengine walikuwa watu wazima waliokwisha kupigana vitani Ulaya, kama Gino Marchetti. Lakini aliyetajwa zaidi ni Ollie Matson, kijana mweusi mwenye mbio za ajabu. Katika msimu ule alikimbia na mpira yadi 1,566, akawa wa kwanza katika vyuo vyote vya nchi. Huko New York, walipowashinda Fordham kwa 32 kwa 26, mara mbili aliupokea mpira karibu na mstari wao wenyewe akaupeleka mpaka mwisho wa kiwanja. Mweusi wa pili katika timu alikuwa Burl Toler, hodari wa kuwazuia wapinzani.

Mchezo wa mwisho ulichezwa Pasadena, California, wakawashinda Loyola kwa 20 kwa 2. Kila mtu alitazamia mwaliko. Habari iliyowafikia ni kwamba wangeweza kualikwa Miami, katika majimbo ya kusini ambako sheria na desturi ziliwatenga watu weusi, ila kwa sharti moja: Matson na Toler wabaki nyumbani. Wachezaji weupe wakakataa bila ya mabishano. Ama wote waende, ama asiende mtu.

Hasara yake haikuwa ndogo. Timu ilikuwa ikikigharimu chuo fedha nyingi kuliko zilizoingia mlangoni, na mapato ya Miami yangalifaa sana. Baada ya msimu ule chuo kiliivunja timu, na vijana wale hawakucheza pamoja tena.

Hata hivyo, tisa miongoni mwao waliingia katika ligi ya wachezaji wa kulipwa, na watatu, yaani Matson, Marchetti na Bob St. Clair, baadaye waliandikwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo. Julai 1952 Matson alikwenda Helsinki katika Michezo ya Olimpiki, akapata nishani ya shaba katika mbio za mita 400, na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti. Mmoja wa wenzake katika mbio hizo alikuwa Mal Whitfield, ambaye baadaye alikuja Afrika kufundisha wanariadha, na Kenya pia.

Toler aliumia goti mwaka 1952 asiweze kucheza tena. Akawa mwalimu wa shule, na mwaka 1965 akawa mwamuzi mweusi wa kwanza katika ligi hiyo kubwa. Msimamizi mkuu wa ligi wakati huo alikuwa Pete Rozelle, yule yule aliyekuwa akiandika habari za timu ya San Francisco mwaka 1951. Toler aliamua michezo kwa misimu 25. Januari 1980 alikuwa mmoja wa waamuzi wa fainali ya ligi, iliyochezwa Pasadena, katika uwanja ule ule ambao yeye na wenzake walimaliza msimu wao bila ya kushindwa.