Shukrani za Kila Siku: Zinavyoleta Furaha na Mahali Zinapokoma

Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema. Wakazi wengi hawatoi mateke, hunyamaza tu. Jirani amemtunza mtoto mchana kutwa, mama mboga amekopesha sukuma wiki hadi mwisho wa mwezi, mlinzi amekesha langoni, na hakuna aliyesema asante. Ukimya huo humpunguzia furaha aliyetendewa wema pamoja na aliyeutenda.

Kwa nini shukrani husaidia

Akili ya binadamu hushika mabaya upesi kuliko mema. Stima ikipotea saa moja, habari hiyo huzungumzwa hadi jioni. Siku zote ilipokuwepo hazitajwi. Tabia hiyo humsaidia mtu kujihadhari, lakini ikizidi humfanya aone maisha yake yote ni kero. Kushukuru humkumbusha upande wa pili wa hesabu.

Mwaka wa 2003, wanasaikolojia wa Marekani Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Kundi moja la wanafunzi wa chuo kikuu liliandika kila wiki, kwa wiki 10, hadi mambo 5 ya kushukuru. Kundi jingine liliandika kero zake. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi na walilalamika kidogo kuhusu maumivu ya mwili.

Mwaka wa 2005, Martin Seligman na wenzake walieleza kuwa waliopeleka barua ya shukrani kwa mtu aliyewafaa walipata furaha kubwa, lakini ilififia baada ya muda. Walioandika mambo 3 mema kila usiku kwa wiki moja walibaki na nafuu hata miezi 6 baadaye, hasa walioendelea na zoezi hilo. Kwa hivyo, shukrani hufaa zaidi inapokuwa mazoea.

Namna ya kuanza

• Kabla ya kulala, andika mambo 3 yaliyokwenda vizuri na sababu ya kila moja. Asiye na daftari anaweza kuyataja wakati wa chakula cha jioni.

• Taja jambo lenyewe. "Asante kwa kunishikia foleni nilipompeleka mtoto kliniki" hugusa moyo kuliko "asante kwa kila kitu".

• Mwambie mhusika mwenyewe. Msaidizi wa nyumbani, mfagiaji wa soko na makanga ni miongoni mwa wanaosahauliwa.

• Washukuru watoto wanapofanya kazi za nyumbani. Watoto hujifunza kushukuru kwa kuwasikia wazazi wao.

Shukrani si kunyamazia kero

Kushukuru hakumzuii mkazi kudai huduma. Mtu anaweza kumshukuru muuguzi aliyemhudumia vyema na bado akauliza kwa nini dawa zimekosekana. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma kwa amani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inamruhusu kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Anayetumia haki hizo hajakosa shukrani.

Vilevile, anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani asiambiwe ashukuru na kuvumilia. Anahitaji msaada na ulinzi.

Shukrani pia haichukui nafasi ya matibabu. Mtu akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki 2, akikosa usingizi au hamu ya kula, au akiwaza kujidhuru, afike katika kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa. Mhudumu wa afya ya jamii kijijini anaweza kumwelekeza.

Kwa wengine wote, zoezi linaweza kuanza usiku wa leo: mambo 3, na jina la mtu mmoja wa kuambiwa asante kesho asubuhi.