Fahamu: Sheria inasemaje kuhusu taarifa za waumini kanisani?

Mgonjwa akitajwa madhabahuni Jumapili pale Riruta, Nairobi, kabla ya chakula cha mchana ugonjwa wake huwa umeshafika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Nia ni njema: aombewe, achangiwe. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu afya na imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kifungu cha 45 kinaliruhusu kanisa kutunza taarifa za waumini wake kwa shughuli zake halali, ila zisitoke nje bila idhini ya mwenyewe. Kumkabidhi mwanasiasa daftari la namba za simu msimu wa kampeni, basi, ni kuvunja sheria.

Picha za watoto wa shule ya Jumapili ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, jirani tu na Riruta, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kanisa nalo halina kinga. Mzazi anaweza kudai picha ifutwe, na akipuuzwa apeleke malalamiko kwa Kamishna.