Mahali pa Kihisio cha Mwendo wa Injini katika Land Rover

Motokaa ya porini ikizimika ghafula mbali na mji, wenyewe hufungua boneti, wakatazama mafuta, wakagusa waya hii na hii, wakapiga stata hata betri ikachoka. Kumbe yawezekana mafuta yamo tele, na kilichokufa ni kitu kidogo mfano wa kidole cha mtu, nacho hakionekani kwa juu. Na ikiwa ndani ya gari yumo mgonjwa apelekwaye hospitali, kujua kitu hicho kilipo si jambo la mchezo.

Mfano wangu ni Land Rover Defender yenye injini ya dizeli iitwayo Td5, iliyotengenezwa tangu 1998 hata 2007. Katika dizeli za zamani pampu ilizungushwa na injini yenyewe, ikapeleka mafuta kwa wakati wake pasipo kuuliza mtu. Katika Td5 kompyuta ndiyo iamuruyo kila nozeli, na kompyuta hiyo ni kipofu: haijui injini inazunguka kwa kasi gani ila kwa kuambiwa na kihisio. Kikinyamaza, nayo huacha kupeleka mafuta, na injini huzimika papo hapo.

Ndani ya kihisio mna sumaku iliyozungukwa na waya nyembamba. Mbele yake hupita ukingo wa flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki. Ukingo huo una nafasi 36 za alama, moja kila digrii 10, lakini nafasi 5 zimeachwa tupu, zikabaki alama 31. Kila alama ipitapo, umeme kidogo huamka katika waya. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ndiyo mara 50 kwa sekunde, kompyuta husikia mapigo 1,550 kila sekunde. Na kwa zile nafasi tupu hutambua pistoni zilipo.

Basi tukitafute. Gari liwe juu ya ardhi iliyo sawa, hendibreki imevutwa, mawe yametiwa penye magurudumu, injini imepoa. Usihangaike mbele penye feni. Nenda nyuma ya injini, pale inapoungana na giaboksi, penye kava kubwa la chuma mfano wa kengele lifunikalo klachi na flaiwili. Upande wa kushoto wa kava hilo, yaani kushoto kwa mtu aliyeketi akitazama mbele, utaona waya ukiingia katika kitu kilichoshikwa kwa boliti moja. Ndicho hicho. Wala usitafute cha pili juu penye kemishafti, kama zilivyo injini nyingine nyingi, Td5 haina.

Kabla ya kukilaumu, chomoa plagi yake, ufute matope na mafuta, utazame kama waya haukuchubuka wala kuungua. Kisha fungua kiti cha mbele penye kompyuta, uchomoe ile plagi nyekundu: ukikuta oili ndani yake, imepanda kwa njia ya waya za nozeli, na ugonjwa wa namna hiyo hufanana sana na huu. Lakini injini ikizimika kila ipatapo moto, ikawaka tena ikiisha kupoa, mimi ningekishuku kihisio kwanza.

Tena kiko kihisio kingine penye giaboksi ndogo ya nyuma, igawayo nguvu kwa magurudumu yote manne. Hicho hupima mwendo wa gari, si wa injini, na wengi wamekibadili bure.